Uzi: Kwa nini Dar tunakimbilia kufunga mifumo ya gesi kwenye magari wakati wenzetu wanahamia kwenye gari za umeme?

#1 Mtabiri wa Tabata (mleta uzi)
Wakuu, salaam.

Nimepiga hesabu hizi mara kwa mara, jibu ni lile lile, ila nikitoka barabarani naona kinyume chake.

Toyota IST kwa foleni zetu inakupa kilomita 11 hadi 13 kwa lita. Tuseme petroli ni karibu Sh 3,000 kwa lita. Maana yake kila kilomita inakula Sh 230 mpaka 270. Nissan Leaf inatembea kilomita 6 hadi 7 kwa uniti moja ya LUKU, na uniti ukiwa T1, daraja la wateja wa kawaida, ni kama Sh 356 ukijumlisha na kodi. Hiyo ni shilingi hamsini na kitu kwa kilomita. Haina oili ya injini, haina plagi, haina fenibelti, haina gia boksi ya kukutoa jasho.

Bwawa la umeme la Nyerere limekamilika, mashine zote 9. Treni inatoka Dar mpaka Dodoma kwa umeme tangu 2024. Ethiopia mwaka huo huo wakapiga marufuku kuingiza gari za petroli na dizeli, wanajali mazingira yao. Kigali bodaboda mpya za biashara ni za umeme tu. Sisi tunapanga foleni ya gesi Ubungo usiku wa manane.

Nini hasa kinatuzuia? Na msiniambie bei, maana watu hao hao wananunua Crown na Harrier.

#2 Kimbunga Hidaya2
Nimevuta kiti. Ngoja wajuzi waje.

#3 Kanali wa Gongo la Mboto
Mleta uzi umeiruka gesi yenyewe kwenye hesabu zako, sijui kwa makusudi.

Mimi naendesha gari ya mtandaoni. Gesi kilo ni Sh 1,550 na ushee, kilo moja nakwenda kilomita 15, 16. Ni kama Sh 100 kwa kilomita. Ndiyo, umeme ni nusu yake. Lakini mfumo wa gesi nimefungiwa kwa karibu milioni 2 kwenye gari ILE ILE ninayomiliki. Nikitaka umeme inabidi niuze hii, niongeze hela, niagize nyingine, nilipie ushuru, nisubiri meli. Gesi ikiisha njiani nabonyeza swichi narudi petroli. Wewe uniti zikiisha Kibamba unabonyeza nini?

Kilichoniuma ni buti tu. Mtungi umekula nafasi yote, abiria wa uwanja wa ndege na mabegi yake tunabaki tunaangaliana.

#4 Shangazi wa Sinza
Nyote mnaandika kama vile kila mtu ana nyumba yake na geti lake.

Mimi nina wapangaji. Mita moja ya LUKU, kaya nne, tunachanga. Hapo tu mwenye friji na asiye na friji wanagombana kila wiki. Sasa aje mpangaji achomeke gari usiku kucha. Nani atakubali? Mjini hapa wenye gari wengi ni wapangaji, na wengine gari linalala kwa mlinzi barabarani huko. Gesi unajaza kituoni unaondoka, hakuna wa kukuuliza.

#5 Kimbunga Hidaya2
Shangazi kaua uzi posti ya nne 😂

#6 fundi_erthi
Naongezea kwa Shangazi, maana mimi ndiye ninayeitwa kwenye hizo nyumba.

Gari ya umeme ukiichaji kwa plagi ya kawaida ya pini tatu inavuta ampia 10 hadi 13. Pasi nayo inavuta karibu hivyo hivyo, lakini pasi unatumia dakika kumi na inajizima na kuwaka. Gari inavuta saa nane mfululizo bila kupumzika. Hapo ndipo kila uchafu uliofichwa ukutani unajitokeza.

Niliitwa Kimara kwa mteja mmoja, kachomeka kwenye ekstensheni ya bei ya kutupa. Uso wa soketi umegeuka kahawia, plastiki imelainika imeshikana na plagi, haitoki. Waya ukutani ulikuwa wa milimita moja na nusu, wa taa, fundi aliyetangulia kaupeleka kwenye soketi kubana matumizi. Ilikuwa bado kidogo tu tuongee mengine.

La pili ni erthi, njia ya kupeleka ardhini umeme unaovuja. Kifaa cha kuchajia kinapima erthi kabla ya kuruhusu umeme upite. Ikikosekana kinawasha taa nyekundu na kugoma. Watu wananipigia simu "fundi, chaja mbovu", nikifika nakuta fimbo ya erthi iliishia kwenye ramani. Nyumba ngapi Dar zina erthi inayofanya kazi? Msiniulize mimi, nitawapoteza usingizi.

Suluhisho lipo: waya wa milimita 6 kutoka kwenye bodi, sakiti breka yake peke yake, fimbo ya erthi mpya, soketi nzito. Si gharama ya kutisha ukilinganisha na gari lenyewe.

#7 Mhaya Mpole
Mleta uzi nikurekebishe kidogo. Ethiopia siyo mazingira. Ni dola. Mafuta yote wanaagiza, fedha za kigeni zikawa shida, umeme wa maji wanao na ni wa bei rahisi. Bwawa lao la Abay, lile la kugombana na Misri, lilizinduliwa rasmi Septemba 2025, megawati 5,150. Ukiwa na umeme mwingi na dola chache, uamuzi unajiandika wenyewe.

Sisi tuna kitu chetu wenyewe: gesi ya Songosongo na Mnazi Bay. Inatoka chini ya ardhi yetu, inalipwa kwa shilingi. Kwa hiyo sababu ile ile iliyowapeleka wao kwenye umeme ndiyo iliyotupeleka sisi kwenye gesi. Hakuna fumbo hapa.

#8 Mtabiri wa Tabata
#7 mazingira au dola, gari za mafuta zimepigwa marufuku au hazijapigwa? Tusihamishe magoli.

Halafu gesi hiyo hiyo ndiyo inayozalisha umeme Kinyerezi na Ubungo. Siyo kwamba nikichaji gari nawasaliti watu wa Kusini inakotoka.

#9 Dalali Magomeni
Acheni siasa, niwaambie ukweli wa sokoni.

Niletee IST saa mbili asubuhi, saa nane mchana nimeshakupa hela yako. Niletee gari ya umeme, itakaa hapa uwanjani mpaka kuku watagie chini yake. Mteja anakuja, anapenda rangi, anapenda ukimya wake, halafu anauliza: "Betri ina asilimia ngapi?" Hapo biashara imekufa.

Gari kwa Mtanzania ni akiba. Mtoto akilazwa unaiuza wiki hiyo hiyo. Kitu ambacho huwezi kukiuza haraka siyo akiba. Hiyo ndiyo sababu kubwa, hizo nyingine ni mapambo.

#10 Leaf_ya_Mbezi
#9 mkuu, swali la mteja wako lina jibu. Ninayo Leaf na naipenda, nieleze.

Pembeni ya geji ya chaji kuna vijistari vidogo 12. Hivyo havionyeshi chaji iliyobaki, vinaonyesha afya ya betri. Kijistari cha kwanza kinapotea betri ikishapoteza kama asilimia 15 ya uwezo wake. Ila usiviamini peke yake, kuna wajanja wanaufuta ubongo wa betri ili virudi vyote 12 kwa muda, ukiendesha vinaanza kudondoka. Nunua kile kifaa kidogo cha kuchomeka chini ya usukani, weka programu ya LeafSpy kwenye simu, itakuonyesha asilimia na hali ya seli moja moja. Hata ukiwa unaagiza Japani, mwambie muuzaji akupige picha ya hiyo skrini. Akikataa, jibu umeshalipata.

Zile za kwanza, za betri ya uniti 24, zikiwa zimechoka tegemea kilomita 90 hadi 100 mjini. Kwa Mbezi–Posta na kurudi inatosha na chenji inabaki. Za uniti 40, kuanzia toleo la mwishoni mwa 2017, ni habari nyingine kabisa.

#11 Kanali wa Gongo la Mboto
#10 kilomita 100? Mimi hizo nazimaliza kabla ya saa sita mchana. Halafu nichaji saa nane, wanangu wale nini?

#12 Mchome wa Oslo
Salaam kutoka kwenye baridi. Huku mwaka 2024 karibu asilimia 89 ya gari mpya zilizouzwa zilikuwa za umeme. Na kabla mtu hajasema "Norwei wamepiga marufuku petroli", hapana. Hakuna marufuku. Wamefanya kwa kodi. Gari ya umeme ilisamehewa ushuru tangu miaka ya 1990, ikasamehewa VAT mwaka 2001, ikaruhusiwa kupita njia za mabasi. Gari ya petroli ikabebeshwa kodi mpaka ikawa anasa. Imewachukua zaidi ya miaka 30 kufika hapo, na hela ya kufanya hivyo wanaipata kwa kuuza mafuta kwa wengine.

Kitu kingine ambacho wengi hamkijui: baridi inapunguza umbali, lakini joto likija umbali unarudi. Joto kali linaiua betri moja kwa moja. Leaf za vizazi viwili vya kwanza hazina mfumo wa kupoza betri kwa maji, zinategemea hewa tu. Marekani, kule Arizona, wenye Leaf walianza kulalamika mapema, mwaka 2012 tu. Kwa hiyo Dar, gari iliyolala juani siku nzima na kuchajiwa hadi mia kila usiku, msishangae.

#13 Mwana wa Mtoni
"Hela wanaipata kwa kuuza mafuta kwa wengine." Hapa nimecheka kwa uchungu.

#14 Rongai Finest
Sasa wadau. Mnaongea kuhusu gari za watu binafsi peke yake, ndiyo maana mnazunguka.

Huku Nairobi mambo yameanzia kwa nduthi (bodaboda) na basi, si kwa salon car. Kwa nduthi ujanja ni huu: unanunua pikipiki, betri si yako. Betri ni ya kampuni. Ikiisha unaingia stesheni, unatoa ile, unaweka iliyojaa, dakika chache uko barabarani. Hiyo swali ya dalali ya "betri iko na asilimia ngapi" inakufa, kwa sababu betri ikizeeka ni shida ya mwenyewe. Kigali walianza mtindo huu tangu 2019. BasiGo nao walianza na basi za umeme Nairobi 2022, mwenye matatu analipa kwa kilomita.

Pia stima ya kuchaji ilipewa bei yake rasmi 2023: shilingi 16 za Kenya kwa uniti, na usiku shilingi 8. Watu wa boda wanajua hesabu kuliko sisi wote hapa. Ikilipa, wanahama bila mkutano.

#15 Kanali wa Gongo la Mboto
#14 sasa hapo umesema. Leta gari ya kubadilisha betri kama mtungi wa gesi ya kupikia, mimi wa kwanza kupanga foleni.

#16 Mpemba wa Fumba
Asalaam alaykum. Mie nipo Unguja, nnayo ndogo ya Kijapani ya umeme. Kisiwa chote hakifiki kilomita 90 kutoka ncha hadi ncha, sasa hiyo hofu ya kuishiwa njiani huku inatoka wapi? Nachaji kwa TUKUZA, ndiyo LUKU ya huku, asubuhi natoka. Umeme wenyewe watoka kwenu bara kwa waya wa chini ya bahari, kwa hiyo ahsanteni.

Ila niwape moja ambalo muuzaji hakunambia. Hizi gari zina betri mbili. Ile kubwa ya kutembelea, na ndogo ya volti 12 kama ya gari yoyote, ndiyo inayoamsha kompyuta. Asubuhi moja natoka, kimya. Mlango haufunguki kwa rimoti, dashibodi giza. Betri kubwa nimeijaza usiku kucha, nina umeme wa kufika Nungwi, na gari haiwaki. Jirani akaja na Vitz yake ya petroli na waya za kushtulia, tukashtua. Mtaa mzima ukacheka mpaka leo. Betri ndogo wacheki kila mwaka, hiyo ndiyo nasaha yangu.

#17 Shangazi wa Sinza
Gari ya umeme imeshtuliwa na Vitz 🤣 Mleta uzi uko wapi?

#18 Mhasibu Mstaafu
Vijana, mmezunguka kila mahali isipokuwa mfukoni mwa serikali.

Mnakumbuka stika ya barabara ya kila mwaka? Ilifutwa 2017, na mzigo wake ukahamishiwa kwenye mafuta, Sh 40 kwa lita. Juu yake kuna tozo ya barabara na nyinginezo, mamia ya shilingi kwa kila lita, na sehemu kubwa ndiyo inayolisha Mfuko wa Barabara. Kila gari inayoacha petroli ni shimo kwenye mfuko huo. Mwenye gari ya umeme anapita barabara ile ile na hachangii kitu zaidi ya kodi ya LUKU. Mnadhani nani ana haraka ya kuharakisha hilo? Siku zikiwa nyingi atarudishiwa stika yake, tena kubwa zaidi.

#19 Mwana wa Mtoni
Mimi nilidhani utasema wenye sheli ndio wanaozuia. Mtaani kwetu hiyo ndiyo habari.

#20 Mhaya Mpole
#18 hoja nzuri lakini haijibu swali. Gesi nayo inakwepa tozo hiyo ya mafuta, na serikali ndiyo hiyo hiyo inayohamasisha vituo vya gesi vijengwe. Kama ni woga wa mapato, ungeonekana kwenye gesi kwanza.

#19 wenye sheli wengine wameshaanza kuweka pampu za gesi hapo hapo kwenye sheli zao. Mfanyabiashara hagombani na mteja.

#21 Mhasibu Mstaafu
Gesi ni ya taifa, mwanangu. Inauzwa na mkono mmoja wa serikali, mwingine unapokea. Fikiria tena.

#22 Kreza wa Kolwezi
Jambo wandugu. Mimi niko Lualaba. Mnaongea bei ya LUKU, hakuna hata mmoja aliyeuliza hiyo betri inatoka wapi. Kobalti ya dunia, zaidi ya asilimia 70 inachimbwa huku kwetu Kongo. Watu wanaingia kwenye shimo kwa kamba na tochi ya kichwa. Februari 2025 serikali yetu ilisimamisha kuuza nje kwa sababu bei imeanguka, Oktoba wakaleta kiwango maalumu kwa kila kampuni. Bei ilipanda, lakini kwa mchimbaji wa mkono sijaona kilichopanda.

Na mzigo huo sehemu yake inapita kwenu, Kasumbalesa, Tunduma mpaka bandari ya Dar, kwa malori ya dizeli. Safari ya betri ya "gari safi" inaanza kwa moshi.

#23 Mchome wa Oslo
#22 pole kaka, na ahsante kwa kuleta hilo. Nyongeza moja: si betri zote zina kobalti siku hizi. Zile za chuma na fosfeti, kama za BYD, hazina kobalti wala nikeli. Zinastahimili joto vizuri zaidi pia, ndiyo maana kwa Dar ningeshauri hizo kuliko Leaf iliyotumika.

#24 Kreza wa Kolwezi
#23 ninajua. Hiyo ndiyo hofu yetu nyingine. Wakihitaji kobalti tunaumia, wasipoihitaji tunaumia.

#25 Mtabiri wa Tabata
Uzi umekwenda mbali kuliko nilivyotarajia. Naona sababu kama sita na kila mwenye sababu anasema ya kwake ndiyo yenyewe. Dalali anasema ni kuuza, Shangazi anasema ni mita, Mhasibu anasema ni kodi.

Mimi bado nasema ni mazoea. Hybridi nazo zilipoingia tuliambiwa "betri ikifa umekwisha", leo Aqua na Prius zimejaa mjini.

#26 Dalali Magomeni
Aqua unaijaza petroli sheli, haina cha kuchomeka ukutani. Na hata hiyo Aqua bado nauza kwa shida kuliko IST. Uje kijiweni nikuonyeshe daftari.

#27 fundi_erthi
#25 swali moja tu mkuu. Wewe mwenyewe unaendesha nini?

#28 Mtabiri wa Tabata
Hilo halihusiani na mada.

#29 Kimbunga Hidaya2
😂😂😂 Huyo anapanda basi la mwendokasi!

#30 Mnyalu wa Ilula
Wakuu nimechelewa. Kuna mtu ameshapandisha mlima Kitonga, huku Iringa, na gari ya umeme? Nauliza kwa sababu nasikia ukishuka mlima mota inageuka jenereta, inarudisha chaji na kusaidia breki. Kwa mtu anayeshuka Kitonga na breki za moto zinanuka, hiyo peke yake ni sababu ya kununua.

#31 Leaf_ya_Mbezi
#30 ni kweli inarudisha, geji unaiona ikipanda kwa macho. Lakini hairudishi yote uliyotumia kupanda, na ukianza kushuka betri ikiwa imejaa haina pa kuweka, breki za kawaida ndizo zinafanya kazi. Shida yako kubwa ni kufika Kitonga kwanza. Kutoka Dar, na Leaf ya uniti 24, Chalinze tu ni zaidi ya kilomita 100.

#32 Mnyalu wa Ilula
Basi mimi natoka Iringa, nashuka tu. Kurudi nitapanda basi.

#33 Mwana wa Mtoni
Na mvua za masika je? Ukipita Jangwani maji yamejaa hiyo betri ya chini si unakaangwa humo ndani?

#34 fundi_erthi
Betri imefungwa isipitishe maji, na mfumo unajikata wenyewe ukihisi umeme unavuja. Ya petroli inavuta maji kwenye hewa ya injini, fimbo za pistoni zinapinda, unaita breki dauni. Ila Jangwani ikijaa msipite na gari yoyote, ya umeme, ya gesi wala ya punda.

#35 Shangazi wa Sinza
fundi_erthi njoo PM. Hizo waya za milimita 6, soketi nzito na fimbo ya erthi, pamoja na mita yake ya pembeni ya kuhesabia, jumla shilingi ngapi? Kuna mpangaji mpya anataka chumba cha mbele, anasema ana bajaji ya umeme, na analipa miezi sita.